Kusoma Jiwe la Chini ya Barafu Ukiwa Mata

Kati ya miaka 20,500 na 16,500 hivi iliyopita, mvua ilipungua sana katika nchi hii iliyo chini ya Kilimanjaro, na maji ya Ziwa Chala yakashuka. Ukame huo ukielekea mwisho, huko Kanada, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Mata hapa Taita Taveta, barafu nene iliyolala juu ya matope laini ilikuwa ikiteleza na kumwagikia baharini. Mambo hayo mawili yanahusiana, na mtu anayeishi Mata ana nafasi nzuri ya kuuona uhusiano huo kwa macho yake. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuuona: uende wapi, ubebe nini, utazame nini, na ujue nini kabla hujatoka nyumbani.

Ninaloshikilia ni hili. Barafu haijiamulii yenyewe. Kilicho chini yake, kiwe mwamba mgumu, matope au moto wa volkano, ndicho kinachochangia sana kuamua kama itatulia au itaondoka. Ikiondoka kwa wingi, hata mvua ya watu wa mbali huguswa. Kwa hiyo anayetaka kuelewa hali ya hewa ya kale lazima ajifunze mawe, na Taita Taveta ina mawe ya kutosha kumfundisha.

Vitu vya kubeba ni vichache: chupa ndogo ya siki, sumaku (hata iliyotolewa kwenye spika iliyoharibika), msumari, kioo cha kukuzia, daftari na maji ya kunywa. Nyundo iache. Sehemu kubwa ya kaunti hii ni hifadhi ya Tsavo, na humo huruhusiwi kuvunja wala kuokota jiwe. Nje ya hifadhi nako kuna mashamba na ranchi za watu, basi mwone mwenyewe au mzee wa kijiji kwanza, umwambie unatafuta nini. Hapa kwetu mtu anayeinama barabarani na kukagua mawe hudhaniwa mara moja kuwa anatafuta vito, na vito vimeleta ugomvi mwingi.

Usianze na mlima. Kila mtu huanza na mlima kwa sababu ndio unaoonekana, kisha akabaki na picha nzuri bila maelezo. Anza na jiwe kongwe. Panda matatu ya kwenda Voi, upite Maktau na Bura, ushuke Mwatate. Milima unayoiona hapo, Dawida, na mbele yake Sagalla, kisha Kasigau upande wa kusini, si volkano. Ni mabaki ya mizizi ya safu kubwa ya milima iliyoinuka kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, vipande vya bara la Gondwana vilipogongana na kushikana. Miamba ilizamishwa kilomita nyingi chini ya ardhi, ikapikwa kwa joto na kubanwa hadi ikabadilika umbo. Ndiyo maana ukilitazama jiwe la Taita kwenye ukingo wa barabara uliochongwa utaona mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda. Jiwe hilo huitwa naisi. Humohumo katika miamba hiyo iliyopikwa ndimo kunamotoka tsavoraiti, kito cha kijani ambacho Campbell Bridges alikipata upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha akakikuta tena huku Taita miaka michache baadaye.

Ukisimama Mwatate elekeza fikra kusini. Mshipa huohuo wa miamba haukuishia Msumbiji. Kabla Gondwana haijaanza kupasuka, miaka milioni 180 hivi iliyopita, uliendelea moja kwa moja hadi ndani ya Antaktika, katika nchi inayoitwa Dronning Maud Land. Huko leo umefunikwa na barafu, isipokuwa pale vilele vinapochomoza juu yake. Wanajiolojia wakipima umri wa miamba ya vilele hivyo hukuta ni ya kizazi kimoja na hii yetu, na wameupa mshipa wote jina moja, wa Afrika Mashariki na Antaktika. Hakuna binadamu atakayeifunua barafu hiyo yote ili atazame chini. Lakini mtu wa Taita anaweza kugusa ndugu wa jiwe hilo akiwa amevaa malapa.

Sasa tumia siki. Tafuta jiwe jeupe lenye chembe zinazometameta, laini kiasi cha kukwaruzwa na msumari. Hiyo ni marumaru, nayo imo kwa wingi kati ya miamba ya Kasigau na nchi tambarare inayouzunguka. Likwaruze hadi upate unga kidogo, kisha udondoshee siki. Ukiona vipovu vidogo, jiwe lina chokaa. Fanya hivyohivyo kwenye naisi, utaona haifanyi kitu. Andika matokeo yote mawili daftarini. Jaribio hili dogo usilidharau, kwa sababu chokaa ndiyo iliyowafikisha wataalamu kwenye chanzo cha barafu iliyoteleza Kanada, na tutafika huko hivi punde. Onyo moja tu: kaa mbali na mashimo ya vito yaliyoachwa. Kingo zake hubomoka, hasa baada ya mvua.

Ukirudi nyumbani, fanya jaribio la ubao. Chukua ubao wenye urefu wa mkono na mawe mawili bapa yenye uzito sawa. Nusu moja ya ubao ipake udongo wa mfinyanzi wa Mto Lumi uliokorogwa kwa maji hadi uwe uji mzito. Nusu ya pili iache kavu, uikwaruze iwe na meno. Weka jiwe moja kila upande, kisha inua ubao polepole. Jiwe la upande wa matope litaondoka mapema, na jingine litang'ang'ania. Usitumie barafu ya wauza samaki. Joto la Taveta litaiyeyusha na kuvuruga jaribio lote.

Hicho ulichokiona ndicho kiini cha habari hii. Wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, Kanada ilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita mbili, tatu. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni mwamba mgumu wa kale, na juu yake barafu hukwama. Lakini penye Ghuba ya Hudson kuna mashapo laini na mawe ya chokaa. Barafu inapokuwa nene sana hugeuka blanketi: joto linalopanda kutoka ndani ya ardhi hushindwa kutoka, sehemu ya chini huyeyuka, matope yakalowa, na mzigo wote ukaanza kwenda. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alieleza tabaka za vijiwe alizozikuta katika matope ya sakafu ya Atlantiki, mbali na nchi kavu yoyote. Vijiwe haviogelei. Vilifika huko vikiwa vimegandishwa ndani ya milima ya barafu inayoelea, na ilipoyeyuka vikadondoka. Vingi vilikuwa vya chokaa, kama marumaru yako inayotoa vipovu kwenye siki, na uchunguzi ukaonyesha vilitoka upande wa Ghuba ya Hudson. Kisha mwaka 1993 Douglas MacAyeal akatoa maelezo ya barafu inayojijaza na kujimwaga juu ya matope hayo laini. Wapo wanaosema msukumo wa kwanza ulitoka kwa bahari iliyopata joto na kuila barafu kutoka mbele. Mimi naona maelezo hayo mawili hayapingani sana. Bahari inaweza kufungua mlango, lakini bila matope laini chini, mzigo mkubwa kiasi hicho usingetoka kwa urahisi.

Maji baridi yasiyo na chumvi yalipofurika Atlantiki ya Kaskazini, mkondo wa bahari unaopeleka joto kaskazini ulidhoofika. Mikanda ya mvua ya tropiki ikavurugika. Katika mmwago mkubwa wa mwisho wa aina hiyo, miaka 17,000 hadi 16,000 hivi iliyopita, hata Ziwa Victoria lilikauka. Ziwa lile lote.

Kuna dai jingine kuhusu matope na mwamba ambalo ni vyema ulijue, hata kama huwezi kulijaribu kwa ubao. Kabla ya miaka milioni moja hivi iliyopita, enzi za barafu zilikuja na kuondoka kila baada ya miaka 41,000. Baadaye zikawa ndefu zaidi, karibu miaka 100,000 kila moja. Mwaka 1998 Peter Clark na David Pollard walipendekeza kuwa sababu ni udongo. Barafu za kwanza zilikalia udongo mlaini uliotokana na miamba kuoza kwa mamilioni ya miaka, zikawa zinateleza na kutandazika nyembamba. Kila zilipopita zilikwangua, hadi siku moja zikafika kwenye mwamba mtupu. Juu ya mwamba zikakwama, zikanenepa, zikadumu. Nimesoma maelezo mengi kuhusu badiliko hilo, na hili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu linaupa udongo nafasi yake katika historia ya dunia.

Baada ya hayo, nenda Chala. Kutoka Taveta chukua bodaboda kwenye barabara ya Illasit, kisha ukate kushoto kuelekea mpakani. Nenda asubuhi. Utapanda mteremko mpole wa vichaka, na ghafla ardhi inakatika: chini yako kuna ziwa la duara, lenye kuta za mwamba pande zote, ukubwa wake kilomita mraba nne na kidogo, kina chake mita 90 na zaidi. Hili ni kasoko, shimo lililoachwa na volkano ndogo ubavuni mwa Kilimanjaro. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji. Hakuna mto mkubwa unaoingia. Maji mengi hufika kwa kupenya chini ya ardhi kutoka mlimani. Usiogelee. Kuna mamba, mwaka 2002 mwanafunzi kutoka Uingereza aliuawa na mamba humu. Kama unataka kushuka hadi ukingoni, tafuta mwenyeji anayeijua njia, ushuke naye.

Kabla hujashuka, kagua mwamba uliokanyaga. Ni mweusi au wa kijivu kizito, mahali pengine una vitundu. Weka sumaku kwenye mchanga mweusi uliokusanyika kwenye mikondo ya maji ya mvua. Itanyanyuka na chembe nyingi, maana lava hii ina madini ya chuma. Linganisha na mchanga wa naisi uliouona Mwatate. Umeshika mikononi mawe ya aina mbili, la kale lililopikwa na la juzi lililomwagika, na aina zote mbili zipo pia chini ya barafu ya Antaktika.

Hazina ya Chala ipo sakafuni. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma na kuyachanganya maji. Virutubisho hupanda juu, na viumbe vidogo vyenye maganda ya kioo, diatomu, huzaana kwa wingi. Vikifa huanguka na kuweka utando mweupe. Misimu ya mvua ikija, juu ya utando huo hutandikwa utando wa rangi nyeusi. Nyeupe na nyeusi kwa pamoja ni mwaka mmoja, na unene wake ni kama milimita moja tu. Kwa kuwa ziwa ni la kina na kuta zake zinalikinga, hakuna kinachozichafua kurasa hizo za matope. Ndipo watafiti wakiongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent walipoanza kuchimbua matope hayo, na mwaka 2009 wakachapisha historia ya mvua ya miaka 25,000. Mwezi wa Novemba 2016 walirudi na mtambo mkubwa zaidi uliowekwa juu ya jukwaa linaloelea. Wakatoa nguzo ya matope ya karibu mita 215, inayokadiriwa kufika miaka 250,000 nyuma.

Hapo ndipo ukame nilioanza nao unaposomeka. Mawimbi ya sauti yaliyopigwa kupitia matope yalionyesha mahali ambapo ziwa lilishuka na kingo zake zikaliwa. Tabaka zenyewe zinaonyesha kuwa miaka yenye upepo mkali na mvua haba huweka utando mweupe mnene, na miaka ya El Niño, kama ile mvua kubwa ya 1997 ambayo wazee wa Taveta bado wanaisimulia, huweka mwembamba. Uchunguzi mwingine uliotoka mwaka 2023, wa miaka 75,000 ya Chala, uligundua jambo la kutia wasiwasi: dunia ilipokuwa baridi, joto likiongezeka mvua nayo iliongezeka, lakini joto likishavuka kiwango fulani, kama katika zama zetu, likizidi huleta ukavu. Mkulima wa Mata anayesikia kwamba dunia ikipata joto mvua itaongezeka ana haki ya kuuliza Chala inasema nini.

Kaa ukingoni kwa muda. Andika rangi ya maji, upande wa upepo, na mwezi. Ukirudi Julai na tena Novemba na kuandika hayohayo, utakuwa unaandika kwa wino kile ambacho ziwa linaandika kwa matope.

Sasa mlima wenyewe, Kilimanjaro. Ngoja asubuhi isiyo na mawingu, Januari au Februari ni bora, na uamke kabla ya jua. Ukiwa Mata utazame kaskazini-magharibi. Mawenzi yenye meno iko mkono wa kulia, Kibo yenye kuba iko kushoto, mita 5,895. Shira, ambayo ndiyo kongwe kati ya volkano hizo tatu, imejificha nyuma. Mawenzi na Shira zilikufa zamani sana. Kibo imelala tu. Ndani ya kasoko la Reusch bado kuna matundu yanayotoa mvuke na harufu ya kiberiti.

Tafakari maana yake. Hapo una barafu iliyokalia volkano yenye joto. Katika Antaktika ya Magharibi hali ni hiyohiyo kwa ukubwa unaotisha: mwaka 2017 wataalamu wa Edinburgh walihesabu milima 138 ya volkano, 91 kati yake ikiwa haijawahi kutambuliwa, mingi ikiwa imezikwa kabisa. Joto likipanda chini ya barafu, hulainisha sakafu, na tayari umeshaona kwa ubao wako kinachofuata. Kwenye Kibo, hata hivyo, usimlaumu moto wa chini. Barafu ilikuwa kilomita mraba 12 mwaka 1912 na 2.6 tu mwaka 2000, na wanaoifuatilia wanaitaja hewa iliyokauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, jua kali, na kupanda kwa joto. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu hiyo, wakakadiria sehemu yake ya chini kabisa ina miaka 11,700. Wengine wameutilia shaka umri huo. Ukiwa sahihi, barafu ya Kibo ilianza kujijenga mvua ziliporudi, baada ya ule ukame wote wa Chala.

Kuna jambo moja ambalo husemwa sana Taveta na linapaswa kusahihishwa. Watu husema chemchemi za Njoro, Mto Lumi na visima vyetu vinatokana na barafu ya Kibo, na kwamba ikiisha tutakauka. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kutulisha. Maji yetu ni mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu wa mlima, ikazama katika lava yenye nyufa, ikatokea chini. Chemchemi za Mzima, zinazopeleka maji Mombasa, ni habari ileile kutoka milima ya Chyulu. Kinachotulisha ni msitu na jiwe lenye vitundu. Anayekata mti juu kule Rombo, mteremkoni mwa Kilimanjaro, anagusa kisima cha Mata moja kwa moja zaidi kuliko jua linalokula barafu, na ningependa hilo lisemwe wazi katika kila baraza linalojadili maji.

Mwisho, Ziwa Jipe, ambalo lipo mlangoni pako. Litazame likiwa na milima ya Upare nyuma yake. Miamba ile ng'ambo ni ya mshipa uleule wa Taita na Dronning Maud Land. Ukikosa nauli ya Mwatate, anzia hapo kwa macho. Usiende ukingoni alfajiri wala jioni bila wavuvi, kwa sababu ya viboko, mamba na ndovu wanaovuka kutoka Tsavo Magharibi. Jipe halitakupa kurasa kama Chala. Kina chake hakifiki mita tatu, upepo na viboko hukoroga matope, na Lumi huleta udongo mpya kila masika. Linakupa kitu kingine: mashapo yanayojikusanya sasa hivi, mbele ya macho yako. Chota konzi ya matope, yaoshe ndani ya bakuli, kagua kinachobaki. Tumia sumaku kwanza, kisha siki, kisha kioo. Chembe nyeusi zinazorukia sumaku huenda zimetoka Kilimanjaro. Zile nyeupe na za rangi ya waridi zisizojali siki huenda zimetoka kwenye miamba ya kale ya Upare.

Hivyo ndivyo wataalamu walivyofanya pia na udongo wa chini ya barafu ya Grinlandi. Mwaka 1966, kwenye kambi ya Wamarekani iliyoitwa Camp Century, mtambo ulipita barafu ya karibu mita 1,400 na kutoa mita chache za udongo uliogandishwa. Sampuli zikasahaulika ndani ya majokofu, zikapatikana tena Copenhagen mwaka 2017. Walipozifungua na kuziosha waliona vijiti na majani. Mwaka 2023 walitangaza kwamba mahali hapo palikuwa wazi, bila barafu, miaka 416,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo kila sampuli unayochota Jipe itie kwenye chupa safi, uifunge, na ubandike karatasi yenye tarehe, mahali na kina cha maji. Iweke pasipo jua, na ukiweza umwachie mwalimu wa jiografia wa shule iliyo karibu nawe.